Kununua Prado ya dizeli iliyotumika: kagua injini, piga hesabu ya gereji, ndipo utaje bei

Swali huja kwa sura ileile: picha tatu za gari lililooshwa likang'aa, bei, kisha "kaka, hii nichukue?" Picha haina sauti wala moshi. Hata fundi mzuri hawezi kukujibu kwa picha, na anayekujibu hivyo huenda ana lake. Ndiyo maana nimeandika hatua zote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua Toyota Land Cruiser Prado ya dizeli hapa Tanzania, iwe kwa mtu binafsi au yadi, hasa ile ya muundo wa 120 iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Hatua hizi zinafaa pia kwa Hilux Surf, Pajero au Patrol. Kinachobadilika ni majina ya magonjwa. Ndugu zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo muundo huu wataupata humo humo nchini. Kwetu gari kuukuu linaingia bandarini, ila umri wake hulipiwa ushuru wa ziada, na ushuru huo tayari umo ndani ya bei unayotajiwa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Fundi wako wa dizeli. Si wa dalali, si wa muuzaji, si "jamaa yangu anayejua magari". Mlipe kwa siku, gari lichukuliwe lisichukuliwe. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ataliona zima kila mara.
- Mashine ya kupima gari kwa kompyuta, na mtu anayejua kusoma takwimu zake, si taa za hitilafu peke yake.
- Tochi, kitambaa cheupe, glavu, na kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari.
- Bei za spea ulizozitafuta wewe mwenyewe.
- Akiba ya matengenezo, mbali na fedha ya kununulia. Kama milioni zote ulizonazo zinaishia kwenye bei ya gari, tafuta gari dogo zaidi.
- Asubuhi nzima. Ukiwa na haraka, acha siku hiyo.

Kwanza ijue injini

Herufi za mwanzo za namba ya chasisi zinakuambia injini iliyofungwa kiwandani. KZJ ni 1KZ-TE ya lita 3.0, KDJ ni 1KD-FTV ya lita 3.0, GDJ ni 1GD-FTV ya lita 2.8. Ukikuta TRJ, hiyo ni petroli ya 2.7 hata kama tangazo linasema dizeli, na kama chini ya boneti kuna dizeli basi injini imebadilishwa.

1KZ ni ya zamani na si ngumu kutengeneza, lakini haipendi joto. Ikichemsha vibaya hata mara moja, silinda hedi yake ya aluminiamu inaweza kupasuka.

1KD ndiyo utakayoikuta kwenye Prado nyingi za dizeli za muundo wa 120, na ndiyo ninayotaka uielewe. Ina nguvu, haili sana mafuta, na ikitunzwa inakwenda mbali. Tatizo lake linaanza kwenye kitu kidogo: washa za shaba zinazokaa chini ya injekta. Washa zikichoka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda hupenya kuingia kwenye oili. Oili inajaa masizi mazito, masizi yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakaa bila oili huku dereva akiendelea na safari. Ugonjwa wa pili ni injekta yenyewe: ikimimina dizeli vibaya kwa muda mrefu inaweza kupasua pistoni. Yote mawili huzuilika kwa gharama ndogo ukilinganisha na injini nzima, mradi mwenye gari awe alijali.

1GD ilikuja 2015. Inatumia cheni badala ya belti ya taimingi, lakini mengi yake yana DPF, kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho hakipendi safari fupifupi za foleni.

Nje ya Prado nitapita haraka. Patrol ya ZD30 ya matoleo ya mwanzo ilijulikana kwa kuharibu pistoni. Pajero ya 3.2 (4M41) sikiliza cheni. Discovery 3 ya dizeli ya 2.7 huuzwa bei ya kushangaza kwa sababu: inajulikana kwa kukata krenki shafti, na kazi kubwa kwenye injini yake mara nyingi humlazimu fundi kunyanyua bodi zima kutoka kwenye chasisi. Ukitaka "mkonga" (Land Cruiser ya muundo wa 70) wenye 1HZ ya 4.2 isiyo na turbo, utapata injini ya kuaminika kabisa, ila bei yake nayo inajua hivyo.

Hatua kwa hatua

1. Jiulize kama unahitaji dizeli kweli. Kama gari litakwenda Mbezi hadi Posta na kurudi, na mara moja kwa mwaka liende Moshi kwa Krismasi, petroli ya 2.7 itakugharimu mafuta zaidi na gereji kidogo. Dizeli inalipa kwa mtu wa safari ndefu, mizigo na barabara mbaya. Wengi wananunua dizeli kwa mngurumo wake. Sina ugomvi nao, ila wajue wanalipia mngurumo.

2. Piga simu za spea kabla ya kuliona gari. Nenda kwenye maduka ya spea ya mitaa ya Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, au pigia mawili matatu, uliza kwa namba ya injini: injekta moja mpya, injekta iliyotengenezwa upya, seti ya washa, turbo, belti ya taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, rejeta, shokapu, tairi za 265/65R17. Uliza mpya halisi, mpya ya bandia na mtumba, na uandike zote tatu. Karatasi hii ndiyo silaha yako hatua ya 11.

3. Kagua karatasi. Namba ya chasisi kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye fremu karibu na gurudumu la mbele la kulia. Vaa glavu, iguse: isiwe imekwanguliwa wala kuchomelewa. Namba ya injini nayo ifanane na kadi, maana injini za mtumba hufungwa sana kwenye magari haya. Injini iliyobadilishwa si dhambi, kutoandikwa TRA ndiko kutakusumbua. Uliza kama kadi imewekwa dhamana benki. Angalia deni la faini za trafiki na deni la maegesho kwa namba ya gari. Kama anayeuza siye mwenye jina kwenye kadi, mwenye jina aje. "Yupo safarini" isikutoshe.

4. Likute gari la baridi. Mwambie muuzaji jana yake: usiliwashe mpaka nifike. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna alichotaka usikisikie; subiri saa kadhaa au rudi kesho alfajiri.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto, maji yatakuruka usoni. Maji yawe na rangi ya kupozea, si kutu wala utando wa mafuta. Vuta kijiti cha oili ufute kwenye kitambaa. Oili ya dizeli huwa nyeusi hata wiki moja baada ya kubadilishwa, hilo lisikutishe. Inayotisha ni ya rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia, au nyepesi iliyopita alama ya juu na kunuka dizeli. Ukiwa na 1KD, angalia pia kwa tochi ndani ya tundu la kujazia oili: masizi mazito yaliyoganda humo ni ushahidi wa washa za injekta.

Injini ikiwa imeoshwa ikang'aa, mimi simwamini mwenye nayo. Vumbi la kawaida linaonyesha mahali oili inapovuja.

5. Washa, na usikilize. Kwanza fungua swichi tu. Taa ya injini na ya oili ziwake. Zisipowaka kabisa, kuna mtu amezizima. Kisha washa gari, zizimike. Taa ya T-BELT ikiwaka, belti imefika muda, lakini kutowaka hakuthibitishi kitu kwa sababu huzimwa kwa vitufe bila belti kuguswa.

Asubuhi ya Mafinga au Arusha, moshi mweupe kidogo kwa sekunde chache unaeleweka. Dar es Salaam hakuna baridi ya kuusingizia. Mweupe unaoendelea na kuchoma macho ni dizeli isiyoungua, mara nyingi injekta. Mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Wa bluu ni oili: ringi, sili za vavu, au turbo. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Na mlio wa kugonga, kama unasikika kwa dakika kadhaa kisha unafifia injini ikipata moto, mwonyeshe fundi injekta kabla ya kitu kingine.

Sasa, injini ikiwa bado ya baridi, minya hosi ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Gasketi imeungua au hedi imepasuka. Mpe mkono, aga.

6. Angalia kama injini inapumua. Injini ikizunguka taratibu, legeza kifuniko cha oili ukiache kikae juu ya tundu. Kutikisika kidogo ni kawaida kwa dizeli. Kikirushwa, au moshi ukitoka mfululizo, ringi zimechoka na mbele kuna oveholi.

7. Lala chini. Tafuta uchomeleaji kwenye fremu, kutu (magari yaliyotoka Uingereza hasa), oili kwenye maungio ya injini na gia boksi, na uvujaji kwenye stelingi raki. Matoleo mengine yana mifuko ya hewa nyuma badala ya springi. Kama imeondolewa, kazi iwe safi na si springi za kubahatisha.

8. Endesha wewe, si yeye. Nusu saa au zaidi, na pawe na mlima. Washa kiyoyozi. Macho kwenye kipimo cha joto: sindano ya Prado hukaa katikati kwa muda mrefu, kwa hiyo ikianza kupanda, joto limeshapita kiasi. Kanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye 60, nguvu ije bila kukatika. Gia za otomatiki zibadilike bila kupiga teke. Simama mahali salama penye vumbi au changarawe, weka gia nzito (L), funga difu ya katikati, songa mbele na nyuma. Wengine huwa hawajawahi kuigusa lever hiyo na imeganda.

9. Rudi, usizime haraka. Angalia uvujaji mpya. Fungua hosi ya intakula (kipozea hewa ya turbo): utando wa oili ni kawaida, dimbwi ni turbo inayovuja. Ikiwa gari limezimwa na limepoa, fundi achezeshe shafti ya turbo kwa kidole. Isigonge nyumba yake.

10. Pima kwa mashine, kabla na baada ya kuendesha. Hitilafu zilizofutwa asubuhi mara nyingi hurudi mlimani. Kwenye 1KD, msimbo wa hitilafu P1229 huelekeza kwenye pampu ya dizeli, hasa vavu yake ya kupima mafuta (SCV). P0087 ni presha ya mafuta kuwa chini. Omba usomewe masahihisho ya kila injekta injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu. Namba zilizo karibu na sifuri ndizo unazozitaka. Injekta inayokaribia 3, juu au chini ya sifuri, iko njiani kwenda kaburini.

11. Piga hesabu. Hapa ndipo wanunuzi wengi hawafiki. Gawa matengenezo kwenye mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni lazima, wiki ya kwanza: oili na filta zote, belti ya taimingi, pampu ya maji, maji ya rejeta, oili za gia na difu, tairi kama zimekwisha. Toyota imeweka belti ya 1KD kilometa 150,000, lakini kilometa za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa mashine ya bei rahisi, kwa hiyo kama hakuna risiti, hesabu kuwa haijabadilishwa.

Fungu la pili ni ya mashaka: fundi ameona dalili, ila gari linakwenda. Injekta, turbo, SCV, shokapu, bushi. Chukua nusu ya gharama.

Fungu la tatu ni janga: hedi, pistoni, gia boksi. Haya huwezi kuyakata kwenye bei. Ukiona dalili hata moja, acha gari. Usipoona, bado weka akiba.

Mfano, namba za kujifunzia tu: gari la aina hiyo likiwa zima lina thamani ya 42,000,000. Huduma ya kwanza na belti 1,900,000, tairi nne 2,400,000, jumla 4,300,000. Injekta nne na ufundi 4,500,000, zina mashaka, chukua 2,250,000. Bei yako ya juu ni 35,450,000. Muuzaji anataka 40,000,000. Mwonyeshe karatasi, si hasira. Wengine hushuka wakiona bei ya injekta imeandikwa. Asiposhuka, tofauti hiyo ya 4,550,000 utailipa wewe gereji.

Kati ya gari la kilometa 98,000 lisilo na karatasi hata moja na la 260,000 lenye risiti za injekta, washa na kufunguliwa sampu, mimi nachukua la 260,000.

12. Lipa kwa utaratibu. Mkataba mbele ya wakili, fedha kupitia benki, uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyohiyo. Usitoe kishika uchumba kabla ya hatua ya 10.

Makosa yanayorudiwa

Kumwachia muuzaji achague gereji. Kuamini "nimeagiza mwenyewe Japan" kama ushahidi wa afya ya injini: omba karatasi ya mnada, na ujue alama ya R au RA hapo ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kununua usiku au mvua ikinyesha. Kudanganywa na oili nzito iliyotiwa jana ili kuzima moshi wa bluu; uliza imetiwa oili gani na lini. Na kufurahia gari lisilo na themostati kwa sababu "halichemshi": kuna mafundi huitoa kuficha tatizo, na injini inayoendeshwa ikiwa baridi siku zote huchakaa mapema.

Halafu kuna mafuta. Zamani dizeli ilichanganywa sana na mafuta ya taa, mpaka kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa 2011 biashara hiyo ikakosa faida. Maji na uchafu bado vipo. Injekta za 1KD hazivumilii dizeli ya madumu, kwa hiyo muuzaji mwenye gari la shamba muulize anajazia wapi.

Umeshanunua, sasa linasumbua

*Haliwaki asubuhi, mchana linawaka.* Anza na betri, kisha plagi za kupasha moto. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini kila asubuhi, hewa inaingia mahali. Baada ya hapo ndipo upime injekta zinazorudisha mafuta mengi.

*Limekosa nguvu, halizidi mwendo fulani.* Filta ya dizeli kwanza, ni rahisi. Kisha hosi za intakula zilizopasuka, SCV, na mabawa ya turbo yaliyoganda kwa masizi. Usikubali kuuziwa turbo kabla hayo yote hayajaangaliwa.

*Linachemsha mlimani tu, mjini liko sawa.* Rejeta iliyoziba, klachi ya feni iliyochoka, au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha. Kama maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, rudia kipimo cha hosi cha hatua ya 5.

*Taa ya DPF (1GD).* Lipeleke barabara kuu, mwendo usiokatika wa nusu saa. Ikibaki, mashine. Kutoboa kichujio wanakopendekeza baadhi ya mafundi kunaleta moshi na hitilafu nyingine za kompyuta.

*Taa ya oili inawaka ukiwa kwenye mwendo.* Zima injini hapohapo, pembeni ya barabara, hata kama nyumbani ni kilometa mbili. Usiongeze oili ukaendelea kwa matumaini. Ita brekidauni livutwe hadi gereji, fundi afungue sampu na kuangalia chujio la pampu ya oili. Likiwa limeziba, kusafisha peke yake hakutoshi: toa injekta zote, badilisha washa, mwaga oili, funga, na urudie kubadilisha oili baada ya kilometa chache.